Mtambo wa Shemeji Arlene

Sisi watu wa Kettle Run hatuna mambo mengi, lakini benchi tunalo. Liko mbele ya duka la chakula cha mifugo la shemeji yangu Arlene. Ni benchi la kanisani, Walutheri walilitoa walipoweka viti vipya, na mimi ndiye niliyelibeba peke yangu kutoka kanisani mpaka hapa, maili moja na nusu, mvua inanyesha. Kila asubuhi tunakaa watu watatu na birika la bluu la kahawa. Kulia anakaa Delmar Fenstermacher, alikuwa fundi wa kunoa misumeno, sasa kastaafu. Yeye tunamwita Robo Inchi, kwa sababu kila kundi la matundu ya risasi alilopiga maishani mwake, akikusimulia yeye, lilikuwa na upana wa robo inchi, hata yale tuliyoyapima wenyewe. Katikati anakaa Clair Shadle wa lori la maziwa. Huyo ni Upepo, anakwambia upepo wa mlimani utageuka saa ngapi, na usipogeuka anaununia. Kushoto ni mimi, Darvin Strayer. Mimi wananiita Ongeza, kwa heshima tu, maana sijawahi kumpunja mtu hadithi. Na sisi watatu ndio watu wa handaki wa klabu ya shabaha. Mashindano yakianza, walengaji wanabaki kule kwenye meza zao, sisi tunashuka handakini chini ya shabaha, yadi elfu moja mbali nao. Risasi zinapita juu ya kofia zetu, tunavuta karatasi chini, tunahesabu matundu, tunapima, tunapandisha karatasi mpya. Miaka kumi na tisa sasa. Hakuna bonde Pennsylvania nzima lenye watu wa handaki kama sisi, na anayebisha aje.

Sasa Jumanne ile ya Aprili, theluji imebaki madoa madoa chini ya misonobari, tulikuwa na jambo zito, tena lenye saa yake. Kuna fundi mmoja Ohio anatengeneza mitambo ya bunduki za shabaha, mmoja mmoja, kwa mkono wake, na foleni yake ni miezi kumi na moja. Mtu mmoja wa kwenye foleni akajitoa. Ukabaki mtambo mmoja. Fundi akasema atapiga simu saa nne kamili asubuhi tumwambie tunautaka wa namna gani, ausage kwa vipimo vyetu. Tukibabaika, anampigia anayefuata kwenye foleni, na anayefuata ni Merle Gantz wa Black Hemlock, bonde la wapinzani wetu. Mnaelewa? Black Hemlock! Watu wanaoweka sukari kwenye chumvi ya nyama!

— Haya, nikaanza, saa mbili na nusu. Kamati imekaa. Nani anapinga chuma?

— Mimi, akasema Upepo.

— Kwa nini upinge chuma kabla hujanywa hata kahawa?

— Nimeshakunywa vikombe vitatu nyumbani. Na ninapinga.

— Punguzeni sauti, akasema Robo Inchi. Mwenyewe yuko hapo ndani.

Mwenyewe ni Arlene. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Arlene ndiye mlengaji bora kuliko wote waliowahi kukaa nyuma ya meza ya klabu yetu, wanaume kwa wanawake, walio hai na waliozikwa. Lakini bunduki aliyokuwa akitumia miaka yote tisa tangu ajiunge na klabu ilikuwa ya kuazima, ya binamu yake, na binamu kahamia Arizona na bunduki yake. Mashindano ya mabonde ni mwezi wa Agosti. Mlengaji wetu hana bunduki! Basi klabu ikachoma kuku wa kuchangisha pesa siku mbili pale kwenye jengo la zimamoto, watu wakala mpaka wakakosa pumzi, na ikaamuliwa kwamba Arlene atajengewa bunduki yake mwenyewe, tena iwe siri mpaka siku ya kumkabidhi. Fundi wetu wa bunduki, Lester Bitner, tayari anao mtutu mpya na gogo la mti wa jozi la kuchonga kitako. Anangoja mtambo tu. Na asubuhi hiyo yeye mwenyewe alikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi. Alituachia neno moja: “Chagueni nyinyi, ila msinichagulie takataka.”

— Sikilizeni, nikasema. Mtutu ukichakaa unautupa, unafunga mwingine. Kitako kikipasuka unachonga kingine. Mtambo ndio moyo. Ndimo komeo linamoingia na kutoka, ndimo risasi inamolala kabla haijaondoka. Moyo wa alumini mmeona wapi?

— Moyo wako wewe wa nini? akauliza Upepo. Wa siagi ya karanga?

— Mwache aseme, Clair, akasema Robo Inchi.

— Nasema hivi, Delmar, akajibu Upepo. Sheria ya bunduki nyepesi ni paundi kumi na saba, darubini yake imo, kila kitu kimo. Ukiweka mtambo wa chuma umekula paundi tatu hivi hivi. Ukiweka wa alumini, uzito uliobaki unaupeleka kwenye mtutu. Mtutu mnene hautetemeki. Hesabu ya mtoto wa chekechea hiyo.

— Alumini inatanuka jua likiwaka, nikasema.

— Na wewe unatanuka ukila pai, mbona hatukutupi?

Robo Inchi akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue tutakaa.

— Jamani, mnatafuta mbali. Mimi ninayo bunduki ya baba ya kuwindia kulungu. Ya mwaka wa sitini na mbili. Tunauchomoa mtambo wake, tunampa Bitner aunyooshe kwenye kerezo, auchonge uso wake uwe sawasawa, basi. Simu ya Ohio ya nini?

— Mtambo wa kiwandani? akasema Upepo. Delmar, ule uso wake umepinda kama barabara ya kwenda kwa mama mkwe wako.

— Ndiyo maana nikasema anyooshe! Na chuma cha mwaka wa sitini na mbili si chuma cha leo, bwana. Chuma kile kilimwagwa Januari. Chuma kilichomwagwa wakati wa baridi kinakaa kimetulia, hakina mori. Hiki cha leo wanamwaga Julai, mafundi wanatoka jasho, jasho linaingia, bunduki inapiga inatawanya.

— Nani kakwambia?

— Nimenoa misumeno miaka thelathini na nane. Chuma chenyewe ndicho kimeniambia.

— Na kilikuwa kinaongea Kijerumani au Kiingereza?

— Wewe Clair, ipo siku...

Mlango wa wavu ukalia. Arlene huyo, na birika.

Tukakaa wima kama tumemwagiwa maji. Kisha tukaongea wote kwa pamoja.

— ...na utitiri wa kuku, nikasema kwa sauti, ndio hivyo, unaanzia chini ya mbawa.

— Chini kabisa ya mbawa, akasema Upepo.

— Kuku wangu mimi wote, akasema Robo Inchi, ambaye hajawahi kufuga kuku.

Arlene akatutazama mmoja mmoja huku anatumiminia. Mwanamke mfupi, mabega mapana, anabeba gunia la paundi hamsini huku anaongea na mteja kama vile kabeba mkoba.

— Darvin, mmeamka saa kumi na mbili kuja kuongelea utitiri?

— Ni tatizo, shemeji. Linaenea.

— Ipo dawa ndani. Rafu ya tatu.

— Tutakuja kuichukua.

— Mtakuja wangapi?

— Mmoja mmoja, akasema Robo Inchi.

Akaliacha birika, akaingia ndani. Tukapumua.

— Hajui kitu, nikasema.

— Hana habari kabisa, akasema Upepo. Haya, turudi kwenye meno.

Meno ni yale ya mbele ya komeo, yanayozunguka na kujifungia ndani ya mtambo ili risasi ikilipuka komeo lisirudi usoni kwako. Wengine wanaweka mawili, wengine matatu. Kwa watu wa kawaida ni kitu kidogo. Kwetu sisi ndoa zimevunjika.

— Matatu, akasema Upepo. Komeo la meno matatu unalinyanyua kidogo tu, hivi, kama kumkonyeza mtu. Mkono haupigi darubini. Upepo ukitulia sekunde sita, unapiga tano zote kabla haujashtuka.

— Matatu ni mazito kunyanyua, akasema Robo Inchi. Unatumia nguvu, bunduki inahama kwenye mfuko wake wa mchanga. Mawili. Unanyanyua juu zaidi lakini laini, kama kijiko kwenye siagi.

— Mimi nilishaona komeo Ohio kwa macho yangu, nikasema. Lilikuwa limebana vizuri, limebana, sijui niseme nini. Fundi akaweka unywele mmoja kwenye uso wa mtambo, akajaribu kufunga. Komeo likagoma. Unywele mmoja! Akachukua unywele wa mtoto mchanga, likafunga. Akaniambia, “Bwana Strayer, huu mtambo unajua umri wa mtu.”

— Ulienda Ohio lini?

— Nilienda.

— Ongeza, wewe Ohio ulifika kituo cha mafuta cha mpakani ukageuka.

— Nilifika ndani! Na lilikuwa na meno manne.

— Manne hayapo.

— Yapo, hawawauzii watu wa maziwa.

— Kama ni hivyo kwa nini tusiweke tisa? akasema Upepo. Meno tisa, yamezunguka komeo lote. Na jino moja linaelekea kaskazini, maana ukilaza mtambo kaskazini na kusini chuma kinatulia, dunia yenyewe inakishikilia. Nimeliwaza hilo miaka mingi kwenye lori.

— Tisa si mtambo, akasema Robo Inchi. Huyo ni mamba.

— Hata mamba halengi vibaya.

— Mamba halengi kabisa! Mamba anavizia!

Tukacheka mpaka benchi likalia. Lakini nilitazama saa yangu, saa tatu na nusu. Nikaacha kucheka. Maana niwaambie ukweli, mimi nilikuwa na sababu yangu. Arlene ni mke wa ndugu yangu Wendell, yule wa malori ya masafa marefu, wiki hiyo alikuwa Nebraska huko. Na katika ukoo mzima wa Strayer, tangu babu yetu aliposhuka kwenye mashua ya magogo ya mto Susquehanna, hakuna aliyewahi kuwa wa kwanza katika kitu chochote. Hata mashindano ya kula mahindi tulikuwa wa tatu. Mpaka Arlene alipokuja. Agosti iliyopita, handakini, mimi ndiye niliyevuta karatasi yake. Nilitafuta tundu la tano dakika mbili. Nilidhani amekosa karatasi. Kumbe la tano lilikuwa limepita ndani ya la tatu. Nikawaita hawa wawili. Upepo akavua kofia. Robo Inchi, ambaye hajawahi kusifia kundi la mtu mwingine, akaniambia tu, “Usiliguse kwa kidole, Darvin. Utalichafua.”

Sasa mlengaji kama huyo apewe takataka kwa sababu ya ubishi wetu? Au mtambo uende kwa Merle Gantz?

— Wazee, nikasema. Mzaha basi. Tuna nusu saa.

Wakaniona uso, wakajiweka sawa.

— Tuanze na jambo ambalo hatugombani, akasema Robo Inchi. Tumbo la mtambo. Liwe limezibwa?

— Limezibwa, akasema Upepo. Hakuna kisanduku cha risasi chini. Anaweka moja, anapiga moja. Tumbo lililozibwa halijipindi.

— Kamati imepitisha. Chuma au alumini?

Upepo akakuna kidevu. Akatazama mlima.

— Bitner ana mtutu mfupi au mrefu?

— Inchi ishirini na nane.

— Basi hata tukiweka chuma hatupiti paundi kumi na saba. Chuma. Lakini niandikiwe kwamba nilikubali, sikushindwa.

— Itaandikwa, nikasema.

— Wapi?

— Kichwani kwangu.

— Kwenye hicho kichwa ikifika Krismasi itakuwa niligomea chuma nikiwa na bastola mkononi.

— Delmar, meno?

— Mimi mawili.

— Mimi matatu, akasema Upepo.

Wakanigeukia. Kura yangu ndiyo ya kuamua. Na mimi nilikuwa nimepania manne, nisiwafiche. Lakini niliiona ile karatasi ya Agosti. Kundi lile halikuhitaji haraka, lilihitaji utulivu. Bunduki isihame kwenye mchanga.

— Mawili, nikasema.

Upepo akaguna, kisha akatoa mkono. Tukashikana mikono wote watatu, kwa mara ya kwanza tangu tulipomaliza ule ugomvi wa mti wa Krismasi wa zimamoto. Chuma, meno mawili, tumbo limezibwa. Nikajisikia kama nimeshatia risasi ya kwanza katikati. Kamati kama hii Black Hemlock wataipata wapi? Kule watu wanachagua mtambo kwa rangi!

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Mpango wetu ulikuwa hivi: bondeni kwetu simu za mkononi hazishiki, mlima unazikaba koo, kwa hiyo tulimpa fundi namba ya simu ya dukani. Saa nne Arlene huwa yuko nyuma anapokea magunia. Mimi naingia kana kwamba nafuata dawa ya utitiri, nakaa karibu na simu, inalia, nainyakua.

Hapo ndipo lilipofika gari la posta. Tarishi wetu wa zamani amestaafu, na huyu alikuwa mpya, wiki yake ya pili, mama wa miaka thelathini na kitu anaitwa Nadine Pruss, katokea Scranton. Akashuka kule upande wa kulia, maana magari ya posta ya vijijini usukani uko kulia ili watie barua kwenye masanduku bila kushuka. Akatupa salamu, akampa Upepo magazeti ya duka, na Robo Inchi akammiminia kikombe.

— Kaa, dada. Umekuja siku kubwa.

— Kuna nini?

Tukamwambia. Kwa kunong’ona, wote watatu, tukipokezana, tukikatizana. Mlengaji, bunduki ya Arizona, kuku wa zimamoto, Ohio, saa nne, Gantz. Nikamwambia na ile ya unywele. Akasikiliza vizuri, anapuliza kahawa yake.

— Kwa hiyo mmeshamaliza, akasema.

— Kila kitu, nikasema. Kamati hii haiachi tundu.

— Na huyo mama anaweka bunduki kwenye bega gani?

— Vipi?

— La kulia au la kushoto? Nauliza tu, maana mimi nina shoto. Tangu darasa la kwanza nimeteswa na mikasi. Hilo komeo si lina upande? Wakimtengenezea la kulia na yeye ni wa kushoto, si atakuwa anapitisha mkono juu ya bunduki kila anapotaka kulivuta?

Upepo akageuka kumtazama Robo Inchi.

Robo Inchi akatazama viganja vyake viwili kana kwamba vimeletwa na posta.

— La kulia, akasema Upepo. Bila shaka la kulia.

— Umemwona? nikauliza.

— Sijamwona, lakini watu wengi...

— Clair, umemwona akipiga au hujamwona?

— Mimi niko handakini! Nimwone vipi? Yuko yadi elfu moja!

— Wewe Delmar?

— Mimi naona matundu yanapotokea, akasema Robo Inchi taratibu. Naweza kukuchorea matundu yake yote ya miaka tisa. Ukinipa karatasi mia, na moja kati yake ni ya Arlene, nitakuonyesha. Lakini mwenyewe... sisi tunashuka kabla hawajakaa, tunapanda wameshafungasha.

— Kahawa anamimina kwa kulia, akasema Upepo. Nimeona sasa hivi.

— Mume wangu anaandika kwa kulia, akasema Nadine. Bunduki anaweka kushoto. Ni jicho, si mkono. Jicho lake la kushoto ndilo lenye nguvu.

— Ah, dada, usituongezee!

— Tukamuulize fundi Bitner!

— Bitner yuko kwenye kiti cha daktari, wamemjaza pamba mdomoni.

— Wendell?

— Nebraska!

— Tukamuulize mwenyewe.

— Na siri?

Hapo wakanigeukia mimi. Wote, na Nadine naye.

— Ongeza, akasema Robo Inchi. Si shemeji yako? Miaka ishirini na mbili mnakula bata mzinga meza moja.

Nikafungua kinywa. Wallahi niliwaza niseme tu. Kulia. Kushoto. Nilikuwa na hadithi tayari, ya yeye na mimi na chupa juu ya uzio. Lakini safari hii hadithi ingesagwa kwenye chuma, ingewekwa mikononi mwake, na Agosti angekaa nyuma ya meza mbele ya mabonde yote akipindisha mkono kwa sababu yangu.

— Sijui, nikasema.

Upepo akanitazama kama nimetapika.

Na simu ikalia.

Nikasimama. Nikafika mlangoni, mkono kwenye wavu, ikalia mara ya pili. Nikiingia nitasema nini? Ikalia mara ya tatu. Nyuma yangu Robo Inchi anasema, “Ingia, Darvin, ingia, mwambie asubiri,” na Upepo anasema, “Hasubiri, amesema hasubiri.” Nikasukuma mlango, na simu ikanyamaza. Si kwamba ilikatika. Imepokelewa.

— Duka la Strayer, sauti ya Arlene ikasema. Magunia yalikuwa yamechelewa siku hiyo.

Nikabaki nimeshikilia mlango. Wenzangu wakanifuata wakasimama mgongoni mwangu, Nadine na kikombe chake.

— Ndiyo, Kettle Run. Klabu ya shabaha, ndiyo... Mtambo? Kwa ajili ya nani?

Niliona mgongo wake tu, na ule uzi wa simu alivyouzungusha kwenye kidole.

— Arlene Strayer, akasema polepole. Ndiyo. Namfahamu.

Akajipangusa uso kwa kiwiko.

— Hapana, usimpigie huyo wa Black Hemlock. Wameshachagua. Kamati ilikaa tangu asubuhi, dirisha langu liko wazi, nimesikia yote. Chuma.

Robo Inchi akanifinya bega.

— Meno mawili. Wamegombana, lakini ni mawili, na ni sawa kabisa, mimi mwenyewe ningesema mawili. Tumbo limezibwa.

— Tumepata, akanong’ona Upepo. Zote tumepata!

— Komeo kushoto, akasema Arlene. Ndiyo, kushoto. Na dirisha la kutilia risasi liwe kulia, avute komeo kwa mkono mmoja na kutia risasi kwa mwingine, asinyanyue kichwa... Nina hakika, bwana. Nimemwona kila mara alipokaa mezani.

Akaandika kitu, akashukuru, akaweka simu. Alipogeuka sisi wanne tulikuwa tumejaa mlangoni kama ng’ombe wa kukamuliwa. Macho yake mekundu. Arlene huyo sijawahi kumwona analia, hata siku Wendell alipopindua lori.

— Utitiri, akasema.

Robo Inchi akageukia rafu ya tatu.

— Miaka tisa, akasema. Nikipiga, nasubiri karatasi ishuke. Nawaza, sasa Darvin anaivuta. Sasa Delmar anaipima, anaipima mara mbili. Sasa Clair anabisha. Nawajua kwa namna karatasi inavyopanda. Ikipanda kwa kurukaruka najua nimefanya vizuri.

— Mimi ndiye ninayeirusha, nikasema.

— Najua ni wewe.

Akatupita mlangoni, akachukua birika kwenye benchi, akalitikisa. Tupu.

— Mtambo ukifika na Bitner akimaliza, Jumamosi ile ya kwanza handakini watashuka wengine. Nyinyi watatu mtakaa mstarini, nyuma ya meza yangu.

— Na matundu nani atayahesabu? akauliza Robo Inchi, sauti imekwaruza.

— Wataleta karatasi. Mtaipima hapo hapo mbele yangu.

— Tutaruhusiwa kuongea?

— Hapana.

— Hata kuhusu upepo? akasema Upepo.

— Hasa kuhusu upepo.

Tukakubali palepale, wote watatu, bila kura wala hoja, na Nadine akacheka mpaka akamwaga kahawa yake kwenye barua za watu. Arlene akaingia ndani na birika. Sisi tukarudi kwenye benchi. Hakukuwa na kahawa na hakuna aliyeitaka. Upepo akaanza kusema kwamba yeye ni mrefu, kwa hiyo akae katikati. Robo Inchi akasema mwenye umri mkubwa ndiye anayechagua. Nikawaambia wakae watakapo, wagombanie kiti mpaka Agosti, mimi nafasi yangu naijua. Nitakaa nyuma ya bega la kushoto, na wa Black Hemlock akiniuliza yule mwanamke ni nani, nitamwambia ni shemeji yangu, bila kuongeza neno.